Mita ndogo ya njano ndani ya boti: misimu miwili ya kupima umeme wa mashine

Mita ninayoieleza hapa ni ile ndogo ya njano, yenye namba 830 usoni na herufi inayobadilika, ambayo hupangwa kwenye meza za vifaa vya umeme Kariakoo pamoja na bisibisi na tepu za kufungia waya. Niliinunua kwa shilingi 15,000, na kwa misimu miwili ya upepo wa kusi sasa imekuwa ikisafiri ndani ya boti yangu ya faiba, inayolala Kunduchi na kubeba watu na mizigo kwenda kisiwa cha Mbudya, wakati mwingine hadi kile cha Bongoyo. Mashine ya boti hiyo ni ya farasi 40, silinda mbili, inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, na inawashwa kwa ufunguo au kwa kuvuta kamba. Ninaandika kwa sababu watu wengi wenye boti kama yangu wananunua vipuri kwa kubahatisha, na fedha wanayoipoteza kwa kipuri kimoja kisichohitajika ingetosha kununua mita hizi ishirini.

Tatizo lililonipeleka Kariakoo lilikuwa hili. Asubuhi moja, maji yakiwa yameanza kupwa na abiria wakiwa wamekwisha kupanda, nahodha aligeuza ufunguo, mashine ikatoa mlio mmoja mkavu chini ya kifuniko, kisha kimya. Aliwasha kwa kamba tukaenda na kurudi salama, na jioni fundi tuliyemwita akasikiliza mlio ule mara mbili na kusema, "Mzee, stata imekufa hiyo." Nilinunua stata, yaani mota inayozungusha mashine ili iwake, kwa zaidi ya laki tatu, akaifunga, mashine ikawaka kwa mguso mmoja na sote tukaridhika. Siku ya tisa mlio ule mkavu ukarudi, ukiwa vilevile. Fundi, nilipompigia, alisema stata niliyouziwa ni ya bandia na kunishauri nitafute nyingine. Siku hiyo niliona kwamba mimi na yeye tulikuwa tunakisia, tena kwa fedha yangu.

Kipimo nilichokifanya na mita mpya nitakieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndicho kilichonifanya niithamini. Kwanza nilizungusha swichi yake hadi kwenye volti 20 za umeme wa betri, nikagusa vichwa viwili vya betri huku kila kitu kikiwa kimezimwa, ikaonyesha 12.6, ambayo ni hali ya betri ya risasi iliyojaa vizuri na kupumzika. Kisha nilimwomba nahodha ashike ufunguo kwenye kuwasha kwa sekunde mbili tatu, huku ncha zangu zikiwa palepale juu ya vichwa vya betri, na namba ikashuka hadi 11.4. Betri ilikuwa nzima, kwani betri iliyochoka ingeanguka chini ya 10 papo hapo. Baada ya hapo nilihamishia ncha nyekundu kwenye nati ya stata, na nyeusi kwenye mwili wa stata yenyewe, nahodha akageuza tena, mita ikasoma 7.8. Volti 3.6 zilikuwa zimepotea njiani kati ya betri na stata, katika waya wenye urefu usiofika mita mbili.

Kilichobaki kilikuwa kutafuta upande uliozila. Niligusa kichwa chanya cha betri kwa ncha moja na nati ya stata kwa nyingine, ufunguo ukageuzwa, nikapata 0.3, kiasi kinachovumilika. Nikaja upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha mashine: ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha mashine nilichokuwa nimekikwangua rangi kidogo kwa kisu. Ufunguo ulipogeuzwa, mita ilionyesha 3.3. Upande mzima wa waya mnene haupaswi kupoteza zaidi ya nusu volti wakati stata inavuta, kwa hiyo mwizi alikuwa amepatikana bila kufungua hata skrubu moja.

Jambo linalowapoteza wengi, hata wenye mita, ni kwamba waya uleule ungepimwa kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, ungeonekana mzima. Niliuchomoa nikaupima upya kwa njia hiyo, mita ikaonyesha 0.6, namba ileile inayoonyesha ncha zake mbili zikigusanishwa zenyewe kwa zenyewe, maana yake ni kwamba waya wenyewe ulionekana hauna ukinzani wowote. Lakini stata ya mashine ya aina hii huvuta ampea mia moja na zaidi, na kwa ampea 110 ukinzani wa 0.03 tu unatosha kumeza volti 3.3, wakati mita hii haiwezi kuona chochote kilicho chini ya 0.1. Waya uliobakiwa na nyuzi chache hupitisha umeme mdogo wa mita bila shida, kama njia ya mguu inavyompitisha mtu mmoja. Ukitaka kupitisha lori ndipo utakapojua upana wake. Ndiyo maana waya mnene hupimwa ukiwa kazini, ukibeba mzigo wake, na mita ikiwa kwenye volti.

Niliuchana mpira wa waya huo kwa kisu kuanzia kwenye kikombe cha shaba kinachobanwa na nati. Sentimita chache za kwanza zilikuwa na unga wa kijani uliojaa kati ya nyuzi, na juu yake shaba ilikuwa nyeusi kwa urefu wa shubiri moja. Nilipozikunja nyuzi kwa kidole, zilikatika kama majani ya mnazi yaliyokauka. Ulikuwa waya wa gari, wa shaba tupu, na maji ya chumvi yalikuwa yamepanda ndani yake kati ya uzi na uzi kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Hapo nilielewa pia kwa nini stata mpya ilifanya kazi kwa siku tisa: fundi alipofungua na kukaza nati, alizisukuma nyuzi zilizobaki zikashikana upya kwa muda. Niliweka waya wenye nyuzi zilizopakwa bati, vikombe vyake vikabanwa kwa koleo la kazi hiyo na kuzibwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto, na gharama yote haikufika robo ya bei ya stata. Stata ya zamani ninayo hadi leo, nzima.

Kwa kazi hiyo peke yake ningeweza kuisifu mita bila masharti, ila kuna siku ilinidanganya, na kosa hilo lazima lielezwe. Mita hizi zinatumia betri ndogo ya volti 9 ya mstatili, na betri hiyo inapochoka, mita haizimiki wala haikatai kupima. Inaendelea kutoa namba, nazo zinakuwa kubwa kuliko ukweli. Nahodha alipima betri ya boti alfajiri, akanipigia simu kwamba imejaa, inasoma 13.6. Nilikuwa karibu kumruhusu aende, ndipo nikakumbuka kwamba betri ya risasi iliyolala usiku kucha bila kuchajiwa haiwezi kusimama kwenye namba hiyo. Tulipobadilisha betri ya mita, tulipata 12.2, yaani chaji ya boti ilikuwa imebaki nusu. Alama ndogo ya betri ilikuwa imejitokeza pembeni mwa kioo siku nyingi, lakini ni hafifu, na juani haionekani. Mita haina uwezo wa kujizima yenyewe, kwa hiyo ukiisahau usiku mmoja tu utakuwa umeipunguzia betri yake, na mimi sasa nina mazoea ya kupima kwanza kitu ninachokijua kabla ya kuamini ninachokitafuta.

Msimu wa pili ulileta tatizo la aina nyingine, la mashine kukosa moto. Ilikuwa ikikata ghafla ikiwa imeshapata mwendo, hasa mawimbi yakiwa yanarusha maji tezini, na baada ya kukaa kidogo ikawaka kana kwamba haijawahi kuugua. Vijana wa pwani walisema ni betri, na hapa pana jambo ambalo kila mwenye mashine ndogo angepaswa kulijua: kwenye mashine za namna hii umeme wa plagi hautoki kwenye betri hata kidogo. Unazalishwa na sumaku zilizo ndani ya flaiwili, lile gurudumu zito la mashine, zinapozunguka juu ya koili, unahifadhiwa na kuachiliwa na sidiai (CDI), kisanduku cha elektroniki cha kuwashia moto, unapandishwa na koili ya moto, na ndiyo sababu unaweza kung'oa betri ukaiacha nyumbani, ukavuta kamba, na mashine ikawaka. Betri iliyokufa itakunyima stata na taa. Plagi zitaendelea kutoa moto.

Plagi zote mbili zilikuwa zimenyamaza kwa pamoja, na hilo lilipunguza sana eneo la kutafuta. Ikinyamaza moja, utaangalia plagi hiyo, kofia yake na waya wake. Zikinyamaza zote kwa wakati mmoja, ni nadra vitu viwili kufa dakika ileile, kwa hiyo unatafuta kile zinachokitegemea zote, na cha kwanza, tena kilicho rahisi kuliko vyote, ni swichi ya kuzimia pamoja na kile kibanio chenye kamba ya usalama ambayo nahodha huifunga mkononi. Swichi hiyo huzima mashine kwa kuupeleka umeme wa sidiai kwenye ethi. Ikiingia maji ya chumvi, inaanza kufanya hivyo bila kuombwa.

Nilichomoa waya za swichi kutoka kwenye mashine, maana ukipima omu huku zimeunganishwa unapima pia koili zilizo nyuma yake na utasoma namba isiyo na maana. Kibanio kikiwa mahali pake, mita ilitakiwa kuonyesha ile "1" inayokaa peke yake upande wa kushoto wa kioo, ishara kwamba njia imekatika kabisa. Badala yake ilionyesha 38, na nilipoutikisa waya chini ya swichi, namba ikawa inapanda na kushuka. Sikuhitaji kufungua flaiwili wala kuazima sidiai ya mtu. Swichi mpya ilifungwa siku ileile, na ningependa kuonya hapa kwamba baadhi ya watu, wakishagundua tatizo liko hapo, huziacha waya zikining'inia na kuendelea na safari. Boti hiyo, nahodha wake akianguka majini, itaendelea kwenda bila mtu, na panga boi linazunguka. Waya hizo zichomolewe kwa ajili ya kupima tu.

Kwenye koili mita hii inasaidia kwa kiasi, na mtu asiyejua mipaka yake anaweza kuitumia kuhukumu koili nzima kuwa mbovu. Vitabu vya mafundi hutoa ukinzani wa kila koili ikiwa katika nyuzijoto 20. Hapa Dar es Salaam kivulini tu ni 30, na ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo koili iliyoandikwa omu 300 itasoma 312 hivi asubuhi, na ukiipima muda mfupi baada ya kurudi safari, kifuniko kikiwa bado hakishikiki kwa joto, inaweza kusoma karibu 360 bila kuwa na kasoro. Tena, upande wa kuingilia wa koili ya moto una ukinzani mdogo, mara nyingi chini ya omu moja, na waya za mita zenyewe zina 0.6, hapo mita ya bei hii haina la kusema, na ningemwomba msomaji asiitupe koili yake kwa ushahidi wake. Kofia za plagi ndizo inazozipima vizuri: zile zenye ukinzani ndani husoma karibu kilo-omu 5, na nimewahi kupata moja isiyosoma chochote.

Sidiai yenyewe haipimiki kwa mita hii. Umeme wake hutoka kwa mapigo mafupi mno, na mita ya kawaida inaonyesha wastani usiolingana na kilele cha pigo, kwa hiyo fundi makini huongeza adapta maalumu ya kukamata kilele hicho. Na mtu asijaribu kamwe kugusisha ncha za mita kwenye waya wa plagi mashine ikizunguka, kwani hapo kuna maelfu ya volti, na mita itakufa kabla hajasoma namba.

Upande wa kuchaji ni kazi fupi. Mashine ikiwa katika mwendo wa kati, gusa vichwa vya betri: yenye regyuleta nzuri, yaani kifaa cha kudhibiti volti za chaji, itaonyesha kati ya 13.8 na 14.5, ikibaki palepale ilipokuwa kabla ya kuwasha basi chaji haifiki, na ikipita 15 regyuleta imeshindwa na betri itachemka. Usiing'oe betri wakati mashine inaunguruma ili "kuona kama inachaji", mtindo niliouona mara nyingi ufukweni. Volti zitaruka na rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa mashine uweze kuchaji betri, inaweza kufa hapohapo.

Kuhusu hatari, mita yenyewe ina moja ambayo mnunuzi hataambiwa. Ina matundu matatu ya kuchomeka waya, na moja ni la ampea 10. Maandishi madogo usoni yanaeleza kuwa tundu hilo halina fyuzi, lakini nani huyasoma? Waya mwekundu ukisahaulika humo, kisha ukagusa vichwa vya betri ukidhani unapima volti, umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Niliona kijana mmoja akifanya hivyo ufukweni. Ncha ya waya iliyeyuka na kumchoma kidole, na tangi la petroli lilikuwa hatua moja kutoka alipochutama. Mimi tundu hilo nimelifunika kwa tepu nyeusi, kwa sababu kwenye boti silihitaji: umeme wa stata ni mkubwa mara kumi kuliko linavyobeba. Kabla ya kipimo chochote, kifuniko cha mashine huwa nakiondoa na kuuacha upepo upite dakika kadhaa, ili mvuke wa petroli uondoke.

Kwa uimara, mita hii haikutengenezwa kwa bahari, na sioni haki kuilaumu kwa hilo. Haina mpira wa kuzuia maji, na kioo chake hakina taa, hivyo alfajiri unahitaji tochi ya simu. Waya zake za kupimia zilikakamaa ndani ya mwaka na moja ikakatika kwa ndani palepale inapoingia kwenye ncha; nilinunua jozi nyingine nene zaidi, na namba zikatulia. Naihifadhi ndani ya bakuli la plastiki lenye kifuniko cha kubana, betri yake ikiwa imetolewa siku ambazo boti haiendi, na vibanio vya betri navisugua kwa msasa laini kila kusi inapoanza. Aliye na boti moja au mbili hahitaji zaidi ya hii. Fundi anayeishi kwa kazi hiyo afikirie mita ya koleo, inayokumbatia waya na kusoma ampea za stata bila kukata chochote, lakini ahakikishe kwamba inasoma ampea za umeme wa betri, kwa sababu nyingi za bei nafuu husoma ampea za umeme wa nyumbani pekee, na kwenye waya wa betri zitamwonyesha sifuri.

Dukani usikubali kufungiwa kwenye mfuko kabla hujaijaribu. Mwombe muuzaji aweke betri mpya, zungusha kwenye omu 200, gusanisha ncha mbili, na namba itulie chini ya 1. Kisha zitikise waya mahali zinapoingia kwenye mita na kwenye ncha, ukiangalia kioo. Kama unataka ile inayolia waya ukiwa mzima, isikie ikilia mwenyewe, kwa kuwa zinafanana kwa rangi na si zote zenye mlio. Ya kwanza niliyopewa iliruka kutoka 0.7 hadi 1 ya kushoto kila nilipougusa waya mweusi. Niliirudisha, muuzaji akasema, "Sawa mzee wangu, chukua hii," akanipa ya pili, nayo ndiyo iliyopata zile volti 3.3.